Chini ya Mkungu

Katika shule ya msingi niliyosoma mjini Tanga, kipindi cha dini kilikuwa na ishara yake. Mwalimu wa zamu alipita madirishani akitoa tangazo lilelile kila wiki: "Waislamu nje, Wakristo mbaki." Sisi tukachukua madaftari tukaenda kukaa chini ya mkungu uliokuwa nyuma ya madarasa, tukimngoja ustadhi afike na baiskeli yake. Wenzetu walibaki ndani na katekista. Mwenzangu wa dawati, niliyekaa naye bega kwa bega tangu darasa la pili hadi la saba, tukaazimana kalamu na kunakiliana hesabu, naye alibaki ndani. Baada ya dakika 40 nilirudi kuketi palepale. Maandishi ya katekista yalikuwa bado hayajafutwa ubaoni, nami niliyasoma kwa jicho la pembeni kama mtu asomaye barua isiyo yake. Miaka yote ile sikumwuliza amefundishwa nini, wala yeye hakuniuliza mimi.

Hakuna aliyetukataza kuulizana. Hapakuwa na ugomvi wala chuki. Siku ya Idi alikuja kwetu kula pilau, na Krismasi nilikwenda kwao. Kwa muda mrefu niliamini kuwa mpango ule wa mkungu ndio busara yenyewe: serikali haina dini, watu wana dini zao, kila mmoja afundishwe yake na amani idumu. Shaka ilinijia ukubwani, nilipoanza kufuatilia namna nchi nyingine zinavyowafundisha dini watoto wa Kiislamu wanaoishi kati ya watu wa imani nyingine, na kuyaweka hayo kando ya chuo cha Kurani kilichonilea. Kadiri nilivyolinganisha, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sisi wa pwani tuna hazina ambayo wengine wanaihangaikia kwa sheria na kwa fedha nyingi, nayo ni lugha moja ya imani inayoeleweka pande zote mbili za dawati. Shule zetu zimeiacha hazina hiyo ilale.

Nianze na chuo, maana ndiko nilikotoka. Nikiwa na miaka mitano bibi yangu alinishika mkono akanipeleka kwa mwalimu, na alipofika kizingitini akamwambia, "Nyama yako, mifupa yangu." Alimaanisha kwamba mwalimu ana ruhusa ya kunirudi atakavyo, mradi nirudi nyumbani nikiwa mzima. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba Waturuki nao humwambia mwalimu maneno hayohayo, nyama yako na mfupa wangu, nikahisi kama niliyekutana na ndugu nisiyemjua. Bakora ilikuwepo chuoni na sitaisifu. Kuna watoto waliochukia dini kwa sababu yake, na mwalimu aliyewapiga ana sehemu yake katika hasara hiyo.

Lakini jamvi lile lilikuwa na elimu yake. Kila mtoto alikuwa na somo lake. Mmoja anakwenda na irabu, mwingine yuko juzuu ya Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, na wakubwa waliwasomesha wadogo huku mwalimu akisikiliza sauti 30 kwa wakati mmoja na kuikamata iliyokosea. Alhamisi tulipeleka senti za mwalimu. Tulijifunza kuupokea msahafu kwa mikono miwili, kutoruka juzuu iliyo chini, kumwamkia mtu mzima kabla hajatuona. Wanaokikosoa chuo husema tulikariri tusichokielewa, na kwa upande wa maana ya maneno wana haki. Mimi nilihitimu nikiwa sijui tafsiri ya sura niliyoanza nayo. Ila wanakosea wanaposema hatukufundishwa kitu. Mwaka 1977, wanazuoni walipokusanyika Makka kwa mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu elimu ya Kiislamu, Syed Muhammad Naquib al-Attas wa Malaysia alitoa hoja kwamba neno linalofaa zaidi kuitaja elimu katika Uislamu ni *ta'dib*, yaani kumtia mtu adabu, kumfanya ajue mahali pa kila kitu na pa kila mtu, naye mwenyewe akae pake. Hoja hiyo imeandikiwa vitabu. Bibi yangu hakuwahi kuisikia, lakini angeielewa mara moja, maana aliposema "mtoto huyu hana adabu" alimaanisha kitu hichohicho.

Ni kosa pia kudhani kwamba chuo cha pwani kilikuwa cha watu wa aina moja. Habib Saleh, aliyezaliwa Comoro na kufika Lamu akiwa kijana, aliujenga Msikiti wa Riyadha na kuwasomesha humo watu ambao waungwana wa mji waliwadharau, watumwa na wazao wa watumwa wakiwemo. Wakubwa wa mji hawakufurahi. Darasa lililowachanganya waliotenganishwa na nasaba lilikuwa jambo zito kwa Lamu ya zama zile, na wanafunzi wake walitawanyika pwani nzima. Jina la Riyadha lilitoka Sayun, Hadhramaut, na kule ndiko uliko mzizi wa masheikh wengi waliotulea. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefundisha Ukutani mjini Unguja, alisafiri mpaka Java na Cape Town. Watu hawa waliujua ulimwengu wenye watu wengi wa namna nyingi kabla hatujabuni istilahi ya kuuita.

Kilichowaunganisha ni ijaza. Mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh, akakimaliza, sheikh akampa idhini ya kukisomesha, na idhini hiyo ilikuwa na mnyororo wa majina unaorudi nyuma hadi kwa mtunzi wa kitabu. Ukiuliza mwalimu huyu anawajibika kwa nani, jibu lilikuwa tayari: kwa aliyemsomesha, na kwa wazazi wa mtaa waliomkabidhi watoto. Serikali haikuwemo.

Neno ijaza ndilo lililonifanya nikae nisome kwa makini habari za Ujerumani. Waturuki walianza kupelekwa huko kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa Oktoba 1961, wakihesabiwa kuwa wageni watakaorudi kwao. Wengi walibaki. Watoto wao walisoma Kurani katika vyumba vya uani na maghala yaliyogeuzwa misikiti, kwa Kituruki, kwa walimu waliotoka Uturuki, na asubuhi walikwenda shule ya Kijerumani ambako wenzao Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na somo la dini ndani ya ratiba, lenye mwalimu anayelipwa na serikali na lenye alama kwenye ripoti. Hilo ni agizo la katiba. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Msingi ya 1949 kinasema dini ni somo la kawaida katika shule za serikali, nalo lifundishwe kulingana na misingi ya jumuiya ya dini inayohusika.

Shida ilikuwa katika maneno hayo ya mwisho. Kwa Wakatoliki serikali ilimpigia simu askofu. Kwa Waislamu, simu apigiwe nani? Uislamu hauna askofu, na jumuiya za misikiti nchini humo zimegawanyika kwa nchi walikotoka, kwa madhehebu na kwa siasa za nyumbani. Jimbo la Nordrhein-Westfalen lilipokuwa, mwaka 2012, la kwanza kuanzisha somo kamili la dini ya Kiislamu kwa Kijerumani, liliunda baraza la ushauri lishike nafasi ya jumuiya ya dini. Mwalimu Mkatoliki wa dini hupewa idhini ya kanisa iitwayo *missio canonica*, Mprotestanti hupewa *vocatio*, na mwalimu wa Kiislamu hupewa, kwa jina hilohilo la Kiarabu lililoandikwa kwa herufi za Kijerumani, ijaza.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifurahi, kisha furaha ikaingia huzuni. Ijaza ya Ukutani ilitoka kwenye mdomo wa mtu aliyekujua, aliyekusikia ukikosea na kukusahihisha kwa miaka. Ijaza hii inatolewa na tume, baada ya kusoma barua na kumhoji mtu kwa muda mfupi. Jina ni moja ila uhusiano uliolibeba jina umebaki nyuma. Na bado siwezi kuibeza, kwa sababu bila hiyo mtoto wa Kiislamu angeendelea kukaa kwenye korido wenzake wakisoma dini, jambo ambalo mimi wa chini ya mkungu nalifahamu vizuri.

Tena Wajerumani walikwisha kuonja hatari ya kumpata mwalimu asiyewajibika kwa waumini. Chuo Kikuu cha Münster kilimteua Sven Kalisch, Mjerumani aliyesilimu, kuwa profesa wa kuwaandaa walimu wa dini ya Kiislamu. Mwaka 2008 alitangaza kwamba ana shaka kama Mtume Muhammad aliwahi kuishi. Kama mtafiti alikuwa na uhuru wake. Lakini ni mzazi gani wa Kiislamu angempeleka mtoto kwa mwalimu aliyeandaliwa naye? Jumuiya zilijiondoa, naye akaondolewa kwenye kazi ya kuandaa walimu, na baadaye akatangaza kuwa si Mwislamu tena. Aliyeshika kazi baada yake, Mouhanad Khorchide, mzaliwa wa Beirut, aliandika kitabu kinachoweka rehema kuwa kiini cha Uislamu, na jumuiya kubwa zikamkataa yeye pia mwaka 2013, safari hii kwa hoja za itikadi zilizokuwa dhaifu zaidi, kwa maoni yangu. Yeye alibaki. Kesi hizi mbili ukizitazama pamoja unaona ugumu ulivyo: waumini wasipokuwa na sauti, somo linakuwa la serikali likiwa limevaa kanzu, wakiwa na sauti yote, profesa hathubutu kufikiri.

Jimbo la Hessen lilichagua njia nyingine. Mwaka 2013 lilianza somo kwa kushirikiana na jumuiya mbili tofauti, DITIB yenye uhusiano na serikali ya Uturuki, na Ahmadiyya, kila moja na darasa lake. Ushirikiano na DITIB ulisitishwa mwaka 2020 kwa wasiwasi juu ya mkono wa Ankara, ukarejeshwa baadaye. Mtoto aliyekuwa katikati ya kitabu siku somo liliposimamishwa alijifunza jambo moja kuhusu dini yake ambalo halikuwemo kitabuni.

Hamburg ndio mji ulionifanya niukumbuke mkungu. Huko watoto hawagawanywi. Somo linaitwa somo la dini kwa wote, nalo kwa miaka mingi lilisimamiwa na Kanisa la Kiinjili. Baada ya mkataba wa mwaka 2012 kati ya mji huo na jumuiya za Waislamu na za Waalevi, wafuasi wa mila ya kidini yenye asili ya Uturuki, usimamizi ukaanza kugawanywa, hata mwalimu wa darasa hilo anaweza kuwa Mprotestanti, Mwislamu, Mwalevi au Myahudi. Kila mtoto anatakiwa ajifunze kwanza kutoka katika dini yake kisha aifafanue mbele ya wenzake. Wapo wanaolalamika kwamba somo la namna hii ni jepesi na kwamba mtoto hapati kina cha mila yake. Nakubaliana nao nusu. Darasa la watoto wa dini tano haliwezi kumfundisha mtu tajwidi, wala si kazi yake. Kazi yake ni kumtia mtoto katika hali ambayo chuo changu hakikunitia hata siku moja, ile ya kuulizwa swali la kweli na mtu asiyeamini unachoamini, tena kwa nia njema, na kutakiwa kujibu kwa lugha anayoielewa.

Singapore nitaipitia kwa haraka zaidi, ingawa nasaba ya madrasa zake inatuhusu. Alsagoff, iliyofunguliwa 1912, na Aljunied ya 1927, zina majina ya koo za Kihadhrami, binamu wa masheikh wa Lamu na Unguja kwa maana ya karibu kabisa. Leo zipo madrasa sita za kutwa. Sheria ya elimu ya lazima iliyopitishwa mwaka 2000 ilizua hofu kwamba zitafungwa. Mwishowe ziliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba wanafunzi wao wafikie kiwango kilichowekwa katika mtihani wa taifa wa shule ya msingi, na idadi ya wanaoingia darasa la kwanza ikawekewa kikomo. Madrasa zikaimarika katika hisabati na sayansi. Sharti la dola, lililopokewa kwa uchungu, lilitimiza jambo ambalo Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa akilililia Mombasa katika gazeti lake la Al-Islah tangu 1932, kwamba Mwislamu asiikimbie elimu ya zama zake.

Lakini Singapore ina habari nyingine isiyosimuliwa sana, na ndiyo inayotugusa. Mwaka 1984 serikali yake ililifanya somo la dini kuwa la lazima katika madarasa ya juu ya sekondari. Mwanafunzi alichagua moja: Biblia, Uislamu, Ubudha, Uhindu, maadili ya Confucius, au dini za dunia. Nia ilikuwa kujenga maadili. Matokeo yalikuwa kwamba kila kundi lilikaa peke yake na lake, bidii ya kuhubiri ikapanda, na mwaka 1989 serikali ikatangaza kuondoa ulazima huo. Mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kulinda amani ya dini. Wao walijaribu mkungu kwa miaka michache wakaogopa. Sisi tuko chini yake bado.

Uingereza na Afrika Kusini zilikwenda upande wa pili kabisa. Mji wa Birmingham ulitoa mwaka 1975 mtaala wa dini uliowataka watoto wote wasome dini mbalimbali za majirani zao, na sheria ya elimu ya 1988 ikataka mitaala yote ya namna hiyo itambue kwamba nchi ni ya mapokeo ya Kikristo zaidi, huku ikizingatia dini nyingine kubwa zilizopo. Afrika Kusini, kwa sera ya 2003 iliyosimamiwa na waziri Kader Asmal, iliamua kwamba shule ya umma ifundishe habari za dini zote na isilee mtoto katika yoyote. Hapo Kiswahili kinatusaidia kutofautisha: kuna kufundisha dini, na kuna kufundisha habari za dini. Mtoto aliyepata la pili peke yake anaujua Uislamu kama ninavyoijua theluji. Wazazi wa Kiislamu wa nchi hizo wanalijua hilo, ndiyo maana jioni watoto wao bado wanakwenda madrasa, na kati ya madrasa ya jioni na darasa la asubuhi hakuna anayebeba ujumbe.

Sasa nirudi kwenye hazina niliyoitaja. Mwalimu wa Hamburg na wa Münster ana kazi kubwa ya lugha. Anatafuta neno la Kijerumani kwa tawhidi, kwa taqwa, kwa ibada, na mara nyingi neno analolipata limekwisha kujaa Ukristo, hivyo huazima, hueleza na kuwekea mipaka. Theolojia nzima ya Kiislamu kwa Kijerumani, iliyoanza kujengwa katika vyuo vikuu tangu 2010, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutafuta maneno.

Mwalimu wa Tanga hana kazi hiyo. Imekwisha kufanywa, na iliyoifanya ni historia. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhidini. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanisimamisha. Kadhi na mmisionari walikaa pamoja wakipima maneno ya kuumbwa kwa mbingu na nchi. Waliofuata, Askofu Edward Steere wa Unguja miongoni mwao, waliendelea kuchota kisima hichohicho. Mkristo wa leo anaposema imani, dhambi, toba, sala, sadaka, malaika, shetani, nabii, baraka na ibada, anatumia maneno yaliyokaa msikitini kabla hayajaingia kanisani. Hata msalaba na injili vimepitia Kiarabu. Kisha mkondo ukarudi. Kasisi Godfrey Dale alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, Waahmadiyya wakatoa yao 1953, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye hakuridhika na zote mbili, akakamilisha yake mwaka 1969. Tafsiri ile ilizaliwa katika mabishano, ni kweli, lakini mabishano ya watu waliokuwa wakielewana kila neno.

Watu wa namna hii, wenye msamiati mmoja wa kumwelekea Mungu, tumewapangia dakika 40 kila wiki za kutosikilizana.

Na nafasi iliyoachwa wazi haikubaki wazi. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vya Dar es Salaam, Tanga, Kigoma na miji mingine vilijaa mihadhara ya mlingano wa dini. Wahubiri wa Kiislamu, waliopata hamasa kwa Ahmed Deedat wa Durban, walisimama na Biblia mkononi wakiwauliza Wakristo maswali. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa mikutano yao na vipaza sauti vyao. Nilihudhuria mingi nikiwa kijana. Nilimwona mwenzangu wa dawati mara moja upande wa pili wa uwanja, katikati ya kundi lake, na mimi katikati ya langu, na kila upande ukashangilia hoja ilipompata mpinzani. Maswali yaliyoulizwa pale yalikuwa maswali halali ya watoto wa darasa la tano: kwa nini ninyi mnasema Mungu ana mwana, kwa nini ninyi mnamtaja Isa na hamumfuati. Yalikosa kuulizwa yakiwa madogo, yakaulizwa yakiwa yamekua na kupata sauti za watu wazima, mbele ya umati unaotaka mshindi. Serikali ilipotumia polisi ilishughulikia vipaza sauti.

Kenya mambo yana sura nyingine kidogo. Somo la dini ya Kiislamu lina mtaala na mtihani wa taifa, sambamba na la Kikristo na la Kihindu, na vitabu vyake ni vizuri. Lakini mwalimu wake hapatikani kila mahali, na katika shule nyingi za bara mwanafunzi wa Kiislamu huishia kusoma na kufanyia mtihani dini ya Kikristo. Wazazi wanalalamika, nao wana haki ya kulalamika. Hakuna mtoto anayepaswa kunyimwa dini yake kwa kukosa mwalimu. Pamoja na hayo nimezungumza na baadhi ya vijana hao na nikaona kwamba wale waliokuwa na madrasa imara ya jioni wamekuwa watu adimu: wanajua mlango wa jirani unafunguliwa wapi, na hawakupoteza wa kwao. Waliokosa madrasa walipotea kidogo. Dini ya jirani iliwafaa waliokuwa na nyumba yao tayari.

Mombasa pia imetupa mfano ambao ningependa usomwe zaidi. Mwaka 1986 ilifunguliwa Liwatoni shule ya awali iliyojengwa juu ya madrasa, kwa kazi ya Bi Swafiya Said na msaada wa taasisi za Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu, kamba na mbao; hesabu, hadithi na dua vilikaa pamoja katika asubuhi moja, na akina mama wa mtaa wakafunzwa kuwa walimu. Mpango ukavuka hadi Zanzibar 1990 na Kampala 1993. Waismailia na Wasunni, wasioswali katika msikiti mmoja, waliaminiana kwa watoto wa miaka mitatu. Waliounda mpango ule walianza kwa kuuliza wazazi wanataka nini, na wazazi walisema wanataka watoto wao waingie darasa la kwanza bila kuiacha dini mlangoni.

Sipendekezi tuung'oe mkungu. Mtoto anahitaji mahali pa kuwa na watu wake, asome Fatiha bila kuieleza kwa mtu, akosee na asahihishwe na mtu anayempenda. Chuo kiwepo, na ustadhi alipwe zaidi ya nauli ya baiskeli. Ninachokitaka ni kwamba katika vipindi vinne vya mwezi, kimoja wote wabaki ndani. Katekista na ustadhi wakae mbele ya darasa moja, kila mtoto aruhusiwe kuuliza, na aliyeulizwa ajibu kwa niaba ya chuo chake au kanisa lake. Haihitaji sheria ya kubadilisha katiba wala profesa wa Münster. Inahitaji walimu wawili wanaoheshimiana, na Kiswahili tunacho.

Mpwa wangu anaishi Hamburg, ana miaka 11. Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana, na mwalimu wao wa dini akawataka waeleze darasani kila mmoja anafunga vipi. Alinipigia simu jioni baada ya futari yao. Alisema rafiki yake Mkatoliki ameacha peremende kwa siku 40 na kwamba kwa Kijerumani wote wawili wanatumia kitenzi kimoja, naye alitaka kujua sisi tunasemaje.

"Tunasema kufunga," nikamwambia.

"Na Wakristo wa huko?"

"Nao wanasema kufunga."

Akanyamaza kidogo, nikamsikia akiandika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo shuleni kwenu mlikuwa mnaelezana, mjomba?"

Ikanibidi nimweleze habari za ule mkungu.